Soma Taa, Sikiliza Gia

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma barua, bei za dukani na hesabu za chama cha ushirika. Sasa tusome kitu kingine. Tusome gari.

Labda wewe huna gari. Lakini huenda kijijini kwenu kuna gari moja kuukuu. Huenda ni pikapu ya mfanyabiashara, au Land Rover ya ushirika, au gari la zahanati. Gari hilo hubeba pamba, mahindi na mbolea. Usiku hubeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Likiharibika, watu wengi wanaumia. Kwa hiyo afya ya gari hilo inakuhusu hata wewe usiyeshika usukani. Ukiwa mjumbe wa kamati, utaombwa kupitisha fedha za matengenezo. Ukiwa abiria, maisha yako yamo ndani yake.

Mara nyingi gari la zamani halifi ghafla. Kwanza hutoa habari. Habari hizo huja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni taa ndogo zilizo mbele ya dereva. Njia ya pili ni gia, yaani jinsi zinavyoingia, zinavyokataa na zinavyolia. Anayejua kusoma taa na kusikiliza gia huokoa injini, fedha na watu.

1. RANGI ZA TAA

Keti mahali pa dereva. Washa swichi, lakini usipige stata. Utaona taa kadhaa zikiwaka. Kila taa ina picha yake, na kila rangi ina maana yake.

Nyekundu maana yake ni hatari. Simama mara upatapo mahali salama.

Njano maana yake ni jihadhari. Gari linaweza kwenda, lakini likaguliwe mapema.

Kijani na bluu ni habari tu. Kwa mfano, bluu hukuambia kwamba taa kubwa za mbele zinamulika mbali.

Piga stata. Injini ikiisha kuwaka, taa nyekundu zote zinatakiwa kuzimika katika muda mfupi. Taa ya breki nayo huzimika ukiachia breki ya mkono.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Taa isiyowaka kabisa unapowasha swichi nayo ni mgonjwa. Huenda globu yake imeungua, au waya umekatika. Taa iliyokufa haiwezi kukuonya. Tena wako wauzaji wa magari makuukuu wanaotoa globu makusudi, ili mnunuzi asione taa ikiwaka. Kijiji kikitaka kununua gari lililotumika, jaribuni taa kwanza, kabla ya kuhesabu fedha.

2. TAA YA OILI

Picha yake ni birika lenye mdomo mrefu linalodondosha tone. Hii ndiyo taa ya kuogopwa kuliko zote.

Ndani ya injini, vyuma huzunguka kwa kasi kubwa. Kati ya chuma na chuma pana utando mwembamba wa oili. Pampu ndiyo inayosukuma oili hiyo. Taa ikiwaka wakati injini inazunguka, inasema hivi: "Msukumo wa oili hautoshi." Vyuma vikisuguana bila oili, injini inaweza kufa katika dakika chache. Dereva asiseme, "Zimebaki kilomita mbili tu, tufike." Kilomita mbili hizo zinaweza kugharimu injini nzima.

Fanya hivi:

Kwanza, zima injini mara moja ukiwa mahali salama. Usiiache ikinguruma huku ukifikiri.

Pili, liweke gari mahali tambarare, kisha ngoja dakika 10 ili oili ishuke chini.

Tatu, chomoa kijiti cha kupimia oili. Kifute kwa kitambaa safi. Kiingize tena hadi mwisho, kisha kichomoe na usome. Oili inatakiwa kuwa kati ya alama mbili.

Nne, kama oili iko chini, ongeza kidogo kidogo na upime tena. Usizidishe alama ya juu. Angalia chini ya gari kama inavuja.

Tano, washa injini. Taa ikizimika, endesha polepole, na upime tena njiani. Taa ikiendelea kuwaka ingawa oili inatosha, zima. Gari livutwe.

Hapo fundi ana kazi mbili. Ya kwanza ni kukagua waya wa taa. Waya huo hutoka kwenye taa hadi kwenye swichi ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini. Injini ikiwa imezimwa na swichi ya gari imewashwa, fundi huchomoa waya kwenye swichi ile ndogo. Taa ikibaki inawaka, waya umechubuka na kugusa bodi. Taa ikizimika, waya ni mzima. Kazi ya pili ni kufunga kipimo cha msukumo mahali pa swichi ile, ili aone kama pampu inasukuma kweli. Swichi ndogo huharibika, nayo ni ya bei nafuu. Lakini asikuambie "ni swichi tu" kabla ya kupima.

Ikiwa taa inameta tu injini ikiwa ya moto na gari limesimama, huenda oili imekuwa nyepesi mno, au injini imeanza kuchakaa. Hiyo ni dalili ya ugonjwa unaokuja. Usiipuuze.

3. TAA YA BETRI

Picha yake ni kisanduku chenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Taa hii ikiwaka njiani, haisemi kwamba betri ni mbovu. Inasema kwamba betri hailishwi. Chombo kinachoilisha huitwa altaneta, nacho huzungushwa na mkanda wa feni.

Simama, zima injini, fungua boneti, uangalie mkanda. Katika magari mengi ya zamani mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji. Kama umekatika, usiendelee na safari. Maji hayazunguki, na injini itachemka. Kama umelegea, ukazwe. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati, unatakiwa kushuka kiasi cha sentimita moja tu au zaidi kidogo. Kila gari lina kipimo chake katika kitabu chake.

Kama mkanda ni mzima, kagua nyaya za betri. Zikiwa na ukungu mweupe au wa kijani, au zikilegea, zisafishwe na kukazwa. Mchana unaweza kuendesha kwa muda kwa nguvu iliyobaki katika betri. Zima taa, redio na feni ya ndani. Ukisimamisha injini, huenda isiwake tena.

Jihadhari na desturi moja mbaya. Watu wengine huchomoa waya wa betri huku injini inawaka, eti wajaribu kama altaneta inafanya kazi. Desturi hiyo ilianza zamani, magari yalipokuwa na dainamo. Altaneta ina vipande laini vya umeme ndani yake, na kuchomoa waya namna hiyo kunaweza kuviunguza. Fundi mzuri hutumia mita. Injini ikizimwa, betri nzima ya volti 12 huonyesha volti 12 na nusu hivi. Injini ikinguruma, mita ipande hadi volti 14 hivi. Isipopanda, betri hailishwi.

4. TAA YA BREKI NA KIPIMO CHA JOTO

Taa ya breki huwaka breki ya mkono ikiwa imefungwa. Ukiifungua na taa ikabaki, fungua boneti. Tafuta kikopo cha mafuta ya breki. Kina mistari miwili. Mstari wa juu umeandikwa MAX, yaani mwisho wa juu. Mstari wa chini umeandikwa MIN, yaani mwisho wa chini. Wewe unajua kusoma, basi soma.

Kama mafuta yameshuka polepole kwa miezi mingi, huenda pedi za breki zimelika. Kama yameshuka kwa siku chache, yanavuja. Angalia upande wa ndani wa kila gurudumu kama pamelowa. Kanyaga pedeli ya breki gari likiwa limesimama. Ikizama kama kwenye tope, gari hilo lisiende popote, hata kama mgonjwa anangoja. Tafuteni chombo kingine. Gari bila breki halifikishi mgonjwa.

Katika baadhi ya magari ya Toyota ya zamani, taa ya breki na taa ya betri huwaka pamoja altaneta inapoharibika. Hata hivyo kagua breki kwanza.

Joto nalo lina mshale wake. Mshale ukipanda kwenye nyekundu, simama na kuzima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta wakati injini ni ya moto. Maji yanayochemka yataruka na kukuunguza uso. Ngoja nusu saa au zaidi, hadi rejeta ipoe. Kisha funika kifuniko kwa kitambaa kinene na ukifungue polepole. Usimimine maji baridi kwa haraka ndani ya injini ya moto, maana chuma kinaweza kupasuka.

5. GIA ZINAPOKATAA

Sasa tuje kwenye gia. Tunazungumza juu ya gari la kubadilisha gia kwa mkono.

Elewa kwanza klachi. Weka viganja vyako viwili pamoja na uvibane. Ukizungusha kimoja, kingine hufuata. Viachanishe. Sasa kimoja kinaweza kuzunguka peke yake. Klachi hufanya hivyo. Inaunganisha injini na giaboksi, na dereva akikanyaga pedeli, inaviachanisha. Gia huingia vizuri vikiwa vimeachana.

Kwa hiyo kuna magonjwa mawili makubwa ya klachi. La kwanza ni klachi isiyoachia. La pili ni klachi isiyoshika. Wengi huchanganya magonjwa haya, na hununua vipuri ambavyo havihitajiki. Fanya majaribio haya. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mtu asisimame mbele wala nyuma ya gari.

Jaribio la kwanza. Zima injini. Kanyaga klachi, ingiza gia zote moja moja. Kisha washa injini na ujaribu tena. Kama gia zinaingia injini ikiwa imezimwa, lakini zinakataa ikiwaka, klachi haiachii. Kama zinakataa hata injini ikiwa imezimwa, ugonjwa uko kwenye mkono wa gia, kwenye vyuma vinavyouunganisha, au ndani ya giaboksi.

Jaribio la pili. Injini ikinguruma polepole, kanyaga klachi hadi chini. Ngoja kwa kuhesabu hadi tano. Ingiza rivasi. Ikilia "krrr", klachi haiachii sawasawa.

Jaribio la tatu. Gari likiwa na mzigo, panda mlima katika gia ya juu. Kama injini inapandisha kelele lakini gari haliongezi mwendo, na unasikia harufu ya kuungua, klachi haishiki. Mlima ni shahidi mzuri.

Jaribio la nne. Sikiliza gia inayolia. Ikiwa zote zinalia, shuku klachi. Ikiwa inalia moja tu, kwa mfano ya pili, shuku kifaa cha ndani kinacholinganisha mwendo wa gia hiyo. Lakini ujue gari lako. Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya 1971 hazina kifaa hicho kwenye gia ya kwanza na ya pili. Hapo kelele si ugonjwa. Dereva anatakiwa kukanyaga klachi mara mbili: anakanyaga, anatoa gia na kuiweka frii, anaachia klachi na kukanyaga mafuta kidogo, anakanyaga klachi tena, halafu anaingiza gia ndogo.

6. KLACHI ISIYOACHIA

Katika magari mengi, pedeli ya klachi husukuma mafuta ya breki. Kuna silinda ya juu karibu na pedeli, na silinda ya chini karibu na giaboksi. Mafuta yakipungua, au upepo ukiingia, pedeli hushuka bila kufanya kazi.

Pampu pedeli mara tano haraka haraka. Kama sasa gia zinaingia, basi kuna upepo au kuna kuvuja. Angalia kikopo cha klachi. Papasa nyuma ya pedeli, ndani ya gari. Pakilowa, silinda ya juu inavuja. Ingia chini ya gari, injini ikiwa imezimwa, uinue mpira wa silinda ya chini. Pakilowa, hiyo ndiyo inayovuja. Hapa gharama ni ndogo. Huna haja ya kushusha giaboksi.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili:

Kwanza, jaza kikopo mafuta mapya ya breki. Soma kifuniko. Mara nyingi kimeandikwa DOT 3 au DOT 4.

Pili, vika mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye silinda ya chini. Upande wa pili wa mpira uzame katika chupa yenye mafuta kidogo ya breki.

Tatu, mmoja akanyage pedeli na kusema, "Nimekanyaga."

Nne, aliye chini afungue skrubu kidogo. Mafuta na mapovu yatatoka. Aifunge, aseme, "Nimefunga." Ndipo wa juu aachie pedeli.

Tano, rudieni hadi mapovu yaishe. Kikopo kisikauke, la sivyo upepo utaingia tena na mtaanza upya.

Usitie oili ya injini wala mafuta ya taa mahali pa mafuta ya breki. Mipira ya ndani huvimba na kuharibika. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe. Yakidondoka kwenye rangi ya gari, osha kwa maji mara moja.

Magari mengine hayatumii mafuta, hutumia kebo. Hapo kagua kama kebo imelegea au imeanza kukatika nyuzi.

7. KLACHI ISIYOSHIKA, NA GIABOKSI

Klachi ikiteleza, mara nyingi sahani yake imelika, au imelowa oili. Kazi hii ni ya fundi, maana giaboksi hushushwa. Lakini kwanza hakikisha pedeli ina nafasi ndogo ya kucheza kabla haijaanza kuwa nzito. Isipokuwa na nafasi hiyo, klachi haijibani kabisa. Tena mwangalie dereva. Kama anapumzisha mguu juu ya pedeli safari nzima, atakula na klachi mpya vilevile.

Giaboksi nayo ina oili yake. Gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa, fungua plagi iliyo ubavuni. Ingiza ncha ya kidole. Katika giaboksi nyingi oili inatakiwa kufika ukingo wa chini wa tundu. Kama unabadilisha oili, fungua plagi ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza, halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, gari limekwama. Tumia oili iliyotajwa katika kitabu cha gari. Mlio wa kuunguruma, au oili yenye vipande vya chuma, ni habari mbaya. Mwite fundi.

Gia ikichomoka yenyewe njiani, kagua kwanza raba zinazoshikilia injini na giaboksi. Zikiwa zimekatika, ni afadhali kuliko gia zilizolika.

Kuna pia magari ya gia za otomatiki. Katika Toyota nyingi za aina hiyo utasoma maneno O/D OFF kwa rangi ya njano. Taa ikiwaka bila kumeta, mara nyingi mtu amebonyeza tu kitufe kinachozuia gia ya juu. Bonyeza tena, itazimika. Lakini ikimetameta, gari linasema kuna kasoro katika giaboksi. Mpelekee fundi.

8. KUZUNGUMZA NA FUNDI

Usimwambie fundi, "Badilisha klachi." Mwambie ulichoona: "Gia zinaingia injini ikizimwa, zinakataa ikiwaka. Nikipampu pedeli, zinaingia. Kikopo kimeshuka chini ya MIN." Fundi mwaminifu atafurahi, maana umempunguzia kazi. Fundi mjanja atajua kwamba hawezi kukuuzia kisichohitajika. Omba upewe kipuri kilichotolewa. Andika katika daftari la gari tarehe, kilomita, kilichofanyika na bei. Daftari hilo litakuonyesha ugonjwa unaorudi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Taa nyekundu ya oili: zima injini kwanza, uliza baadaye.
Taa isiyowaka kamwe si taa nzima.
Pedeli ya breki ikizama, gari lisiondoke.
Gia zote zikilia, anza na klachi. Ikilia moja, shuku gia hiyo.
Pima mafuta kabla ya kununua vipuri.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini dereva asiendelee hata kilomita mbili taa ya oili ikiwaka?
2. Utajuaje kama klachi haiachii au haishiki?
3. Gari la kijiji chenu lina daftari? Nani analiandika, na nani analisoma?
4. Nendeni pamoja kwenye gari lililo karibu. Mwombeni dereva awashe swichi. Taa ngapi zimewaka? Andikeni rangi na maana ya kila moja.